Livingstone: mutoto wa kiwanda aliyeleta Biblia na biashara

Wandugu wachimbaji wa Rubaya, Bisie na machimbo mengine ya Masisi na Walikale, leo tunawaletea maisha ya muzungu mumoja ambaye jina lake wengi wetu tulilisikia ku masomo: David Livingstone. Tunamuchagua sababu alianza kama sisi, kwa kazi ya mikono.

Alizaliwa tarehe 19 mwezi wa tatu 1813, Blantyre, inchi ya Scotland, katika jamaa ya wamaskini. Alikuwa na miaka 10 tu wakati aliingia kiwanda cha pamba. Kazi ilianza saa kumi na mbili ya asubuhi, ikaisha saa mbili ya usiku. Kiisha pale akaenda tena masomo ya usiku. Watoto wetu wenye kubeba mizigo ku machimbo wanajua uchovu ule.

Alisoma mpaka akakuwa munganga. Mwaka 1840 shirika la wamisionere la London lilimutuma Afrika ya Kusini. Kule ndani ya Afrika aliona watu wanafungwa minyororo na kuuzishwa. Akafikiri kama mahubiri peke yake hayatamaliza utumwa. Inafaa biashara ingine ikamate nafasi yake. Wakati ule pamba nyingi ya viwanda vya Uingereza ililimwa na watumwa wa Marekani. Yeye alitaka Waafrika walime pamba kwa uhuru, na Waingereza wamaskini wakuje kukaa kando yao. Mwaka 1857, kule Cambridge, aliomba vijana wakuje Afrika kwa ajili ya dini na biashara pamoja. Mwaka 1858 serikali ya Uingereza ikalipa safari yake ya muto Zambezi. Kanisa lilitafuta waamini, viwanda vilitafuta pamba, na wote walipita njia moja.

Mwaka 1861, yeye na wamisionere walifungua watumwa njiani, wakawapa makao Magomero, katika Malawi ya leo. Jina hilo tulishike.

Mwaka 1871 alifika Nyangwe, katika Maniema, jimbo lenye kupakana na Walikale. Tarehe 15 mwezi wa saba, wachuuzi wa watumwa walipiga watu masasi ndani ya soko. Mamia walikufa, wengi wao wamama. Wengine walizama ndani ya muto. Habari aliyoandika ilisaidia kufunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873. Yeye hakuona siku ile: alikufa mwezi wa tano mwaka uleule, Chitambo, katika Zambia ya leo. Waafrika wenzake wa safari, pamoja na Chuma na Susi, walizika moyo wake pale, wakabeba maiti kwa miguu mpaka pwani.

Nyuma yake wamisionere na wachuuzi walifuata njia yake, na mwaka 1891 Uingereza ikatwaa inchi ile ya Malawi. Mukwe wake, Bruce, alipata udongo mukubwa kule, na wajukuu wa Livingstone wakauriti. Shamba lao liliitwa Magomero, jina la pale watumwa walifunguliwa. Watu walioishi ndani yake walipashwa kutumikia shamba ili kulipa ruhusa ya kukaa tu. Kazi hiyo iliitwa thangata. Mwaka 1915 muchungaji John Chilembwe aliongoza watu kuasi. Aliuawa, na wengi wa watu wake pia.

Hatusemi Livingstone alikuwa mwongo. Alichukia utumwa kweli. Lakini alifungua mulango bila kujua nani atakata bei na nani atashika udongo, na wale walioingia nyuma yake walijibu kwa faida yao. Mufanyakazi hakuulizwa.

Sisi hatukatae dini, wala biashara ya koltani na kasiterite, sababu watoto wetu wanakula kwa hiyo. Ila mutu akikuja na maneno mazuri ya maendeleo, tumuombe kwanza atuonyeshe mizani, bei, na karatasi ya udongo. Tumuombe wote pamoja, mbele ya kushuka ndani ya shimo.