János Bolyai na Ombi la Tano

Sisi sote tuliopita Kidato cha Pili tumefundishwa ya kuwa pembe za ndani za pembetatu, zikijumlishwa, ni digrii 180. Wachache huuliza neno hilo limesimama juu ya nini. Limesimama juu ya ombi moja la Euclid, na ombi hilo lilimtesa baba, kisha likamtesa mwanawe.

Euclid, aliyefundisha Alexandria katika nchi ya Misri yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, alianza kitabu chake kwa kumwomba msomaji amkubalie mambo matano bila kuyathibitisha. Manne ni mepesi: kwamba kutoka nukta yoyote hata nukta nyingine waweza kupiga mstari ulionyooka, kwamba mstari huo waweza kuendelezwa, kwamba waweza kuchora duara popote, kubwa au dogo, na kwamba pembe mraba zote ni sawa. La tano ni refu. Mstari mmoja ukikata mistari miwili, na pembe mbili za ndani za upande mmoja zikiwa pungufu ya pembe mraba mbili, basi mistari hiyo ikiendelezwa itakutana upande ule ule. Kwa miaka elfu mbili mabingwa wa Kiyunani, Kiarabu, Kiajemi na Kizungu walijaribu kulithibitisha kwa yale manne, wasiweze.

János Bolyai alizaliwa tarehe 15 Desemba 1802 mjini Kolozsvár, nchi ya Transylvania. Mji huo siku hizi ni Cluj wa Romania. Baba yake, Farkas, alikuwa mwalimu wa hesabu, na katika ujana wake alisoma Göttingen pamoja na Gauss, bingwa mkubwa wa Ujerumani. Mwaka 1816 alimwandikia Gauss akimwomba ampokee mwanawe nyumbani kwake. Jibu halikuja. Basi mwaka 1818 János akapelekwa Vienna, chuo cha wahandisi wa jeshi, na huko akajulikana kwa upanga na fidla pia.

Farkas mwenyewe alikuwa amepoteza miaka mingi kwa ajili ya ombi la tano. Aliposikia mwanawe ameshika njia ile ile, mwaka 1820 alimwandikia akimsihi aiache, isije ikamnyang'anya afya na raha yake. Kijana hakusikia, na ni kijana gani asikiaye? Lakini yeye alikuja kuligeuza swali. Badala ya kulithibitisha ombi, akauliza mambo yatakuwaje likikataliwa, yaani kama katika nukta iliyo nje ya mstari hupita mistari mingi isiyoukuta mstari ule. Hapo pembe za pembetatu hazifiki digrii 180, na kadiri pembetatu inavyokuwa kubwa ndivyo upungufu unavyozidi. Ni ajabu, lakini halikutokea neno la kupingana na jingine. Novemba 1823, akiwa ofisa wa miaka 20 kituoni Temesvár, alimpasha baba yake habari hizo kwa furaha kubwa.

Farkas hakuridhika na yote, ila alimhimiza achapishe upesi kabla mwingine hajatangulia. Kazi ilitoka kama nyongeza ya kitabu cha baba, kwa Kilatini, kurasa zisizofika 30. Machi 1832 Gauss akajibu kwamba hawezi kuisifu, kwa kuwa ingekuwa kujisifu mwenyewe: mawazo yale alikuwa nayo miaka mingi. Kwa rafiki mwingine alimsifu kijana sana. Hadharani hakusema kitu. Kwa maoni yangu hapo Gauss alikosa.

János alivunjika moyo, hata akamshuku baba yake kuwa alivujisha siri. Mwaka 1833 akatoka jeshini kwa ugonjwa. Mwaka 1848 akasoma kitabu cha Lobachevsky, Mrusi wa Kazan, akaona huyo alikwisha kuchapisha mambo yale yale tangu 1829. Hakuchapisha tena. Alikufa tarehe 27 Januari 1860, akaacha maelfu ya kurasa za mkono. Miaka minane baadaye Beltrami wa Italia alionyesha kwamba jiometri ya János ni salama sawa na ya Euclid. Kwa hiyo ombi la tano halithibitishiki kwa yale manne.

Mwaka 1960 Hungaria na Romania zilitoa stempu za kumkumbuka, zenye sura ya kijana mzuri. Wataalamu wanasema sura hiyo si yake.