Gandhi alivyomnyima mwanawe ufadhili wa kusomea sheria

Wahindi wengi waliofungua viwanda vya kuchambua pamba Usukumani, ikiwemo Simiyu ya leo, asili yao ni Gujarat. Huko ndiko alikozaliwa Mohandas Gandhi, mwaka 1869.

Mwaka 1888 alikwenda London kusomea sheria. Aliomba ufadhili kwa wakubwa wa Porbandar, akatoka mikono mitupu. Kaka yake, Laxmidas, ndiye aliyehangaika na hela ya ada.

Baadaye, Gandhi akiwa wakili Afrika Kusini, rafiki yake Dk. Pranjivan Mehta alijitolea kumsomesha sheria London kijana mmoja wa Kihindi. Harilal, mtoto wa kwanza wa Gandhi, aliitaka sana nafasi hiyo. Baba akamruka. Akampa Chhaganlal, mtoto wa binamu yake (naye si ndugu?), ambaye aliugua akarudi bila kumaliza. Ikaenda kwa Sorabji Adajania, akawa wakili kweli.

Harilal aliondoka nyumbani mwaka 1911, na uhusiano wao haukupona tena. Gandhi aliuawa kwa risasi Januari 30, 1948. Harilal akafariki Juni mwaka huohuo.