Elizabeth Kenny: Muuguzi aliyeyaamini macho yake

Macquarie Fields, Sydney – Treni za kuelekea Campbelltown hupita hapa Macquarie Fields, kitongoji cha kusini-magharibi mwa jiji la Sydney. Vituo vichache mbele ipo kampasi ya Chuo Kikuu cha Western Sydney, ambako vijana wa mataifa mengi, wakiwemo wa Afrika Mashariki, husomea uuguzi. Somo moja huwatoa jasho kuliko mengine: namna ya kumpima mgonjwa na kuamua la kufanya.

Wauguzi wanafunzi wa Australia hufundishwa somo hilo kwa mfano wa mduara, uliotungwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Newcastle katika jimbo hilihili la New South Wales. Muuguzi huitazama hali ya mgonjwa, hukusanya dalili, huzichambua, hutambua tatizo, huweka lengo, hutenda, hupima matokeo, na mwisho hujiuliza amejifunza nini. Kisha huanza upya.

Zaidi ya miaka 100 iliyopita, mwanamke mzaliwa wa jimbo hilo aliingia katika mduara huo bila kufundishwa na mtu. Elizabeth Kenny alisifiwa duniani na kupingwa vikali na madaktari wa kwao. Hadi leo si rahisi kusema kwa neno moja iwapo alikuwa sahihi.

Simu kutoka mashambani

Bi. Kenny alizaliwa tarehe 20 Septemba 1880 karibu na mji mdogo wa Warialda, kaskazini mwa New South Wales, katika familia ya wakulima. Shule aliipata kidogo tu. Katika ujana wake alianguka kutoka juu ya farasi akavunjika kifundo cha mkono. Aliyemtibu ni Dkt. Aeneas McDonnell wa mji wa Toowoomba, jimbo la Queensland, ambaye alimruhusu pia kusoma vitabu vyake vya maumbile ya mwili. Msichana yule alivutiwa mno na misuli: unaanzia wapi, unaishia wapi, unavuta nini.

Cheti cha uuguzi hakuwahi kukipata. Baada ya kufanya kwa muda udalali wa mazao kati ya wakulima na masoko ya Brisbane, alianza kuwauguza watu wa mashambani kutoka nyumbani kwao Nobby, Queensland, akiwafikia kwa farasi na bila kudai malipo.

Kwa simulizi yake mwenyewe, mnamo mwaka 1911 aliitwa kwa mtoto aliyekuwa akilia kwa maumivu, viungo vimejikunja na havinyooki. Hakujua ni ugonjwa gani. Alimpelekea Dkt. McDonnell simu ya maandishi akimweleza alichokiona, na jibu likarudi kwamba huo ni ugonjwa wa kupooza wa watoto, yaani polio, kwamba dawa haipo, na kwamba azitibu dalili kadiri zinavyojitokeza. Wapo wanahistoria wanaotilia shaka baadhi ya mambo katika simulizi hiyo. Hata hivyo, muuguzi yeyote aliyewahi kubaki peke yake usiku katika zahanati ya kijijini, daktari akiwa mbali, ataitambua hali ile.

Alichokiona ni misuli iliyokaza, inayouma ikiguswa. Alichemsha maji, akachovya vipande vya blanketi la sufu, akavikamua na kumkanda mtoto. Maumivu yalipungua. Kisha alianza kuvisogeza viungo taratibu, akimfundisha mtoto kuitumia tena misuli yake mmoja baada ya mwingine. Kukanda kwa maji ya moto si jambo geni kwa mama yeyote wa pwani yetu. La ajabu ni kwamba hospitali za wakati ule zilifanya kinyume chake.

Plasta na magango

Elimu ya tiba ya enzi hizo ilishikilia kwamba msuli uliopooza huvutwa na ule mzima unaoukabili, na hivyo kiungo hupinda. Dawa ilikuwa kukizuia kisitikisike. Watoto walifungwa magango na plasta kwa miezi mingi, na wengi walifunguliwa wakiwa na miguu iliyokonda na kukakamaa.

Bi. Kenny alisema tatizo limetazamwa kinyume. Kwa maoni yake, kilichopindisha kiungo ni msuli uliokaza, na huo ndio mgonjwa. Ule ulioonekana umepooza mara nyingi haukuwa umekufa, bali mgonjwa alikuwa amepoteza namna ya kuuamuru.

Vita Kuu ya Kwanza vilipozuka alijiunga na jeshi la wauguzi la Australia mwaka 1915, akahudumu katika meli za kusafirisha askari. Huko ndiko alikopewa mwaka 1917 cheo cha Sista, ambacho hakihusiani na utawa. Alikitumia maisha yake yote, jambo lililowaudhi waliojua kuwa hana cheti. Mwaka 1927 alisajili hataza ya machela aliyoibuni kwa ajili ya kusafirisha majeruhi, na mapato yake yalimsaidia kuendesha kazi yake.

Mwaka 1932 alianza kuwatibu waliopooza mjini Townsville, na serikali ya Queensland ikamuunga mkono. Zahanati za mtindo wake zilifunguliwa katika miji kadhaa, ikiwemo Sydney katika hospitali ya Royal North Shore. Madaktari walikuja juu. Tume ya kifalme iliyoundwa na serikali hiyohiyo ilitoa ripoti yake mwaka 1938, na ililaani vikali kuachwa kwa magango. Serikali, kwa namna ambayo wanasiasa pekee huiweza, ilipokea ripoti na bado ikampa wodi katika hospitali kuu ya Brisbane.

Umaarufu Marekani

Mwaka 1940 alivuka bahari hadi Marekani. New York na Chicago hazikumsikiliza. Mjini Minneapolis madaktari watatu walikubali kukaa kando ya kitanda na kutazama anachofanya, na walichokiona kiliwashawishi. Desemba 1941 taasisi ya taifa ya kupambana na polio, iliyoasisiwa na Rais Franklin Roosevelt, ambaye mwenyewe alipooza miguu, iliikubali njia yake. Mwaka uliofuata Taasisi ya Sista Kenny ilifunguliwa Minneapolis. Hollywood ilitoa filamu ya maisha yake mwaka 1946, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 kura ya maoni ilimweka juu ya Eleanor Roosevelt miongoni mwa wanawake waliopendwa zaidi na Wamarekani.

Lakini sifa zisitupofushe. Bi. Kenny hakuridhika na kueleza alichokiona, alitaka pia kueleza chanzo chake. Alidai kwamba polio hushambulia hasa misuli na tishu zilizo nje ya mishipa ya fahamu. Hapo alikosea. Virusi vya polio huua seli za uti wa mgongo zinazoiamuru misuli, na seli iliyokufa hairudishwi kwa kukanda.

Aidha, wagonjwa wengi wa polio hupata nafuu kiasi hata bila tiba, hivyo ilihitajika kulinganisha kwa makini waliokandwa na wasiokandwa. Ulinganisho wa namna hiyo haukumvutia, na mara nyingi aliyetaka ushahidi alimhesabu kuwa adui. Tukimpima kwa mduara wa wanafunzi wa Campbelltown, alikuwa hodari wa kukusanya dalili na kutenda, alijikwaa katika kuzichambua, na hatua ya kupima matokeo hakuipenda. Waliompinga nao walikuwa na uchambuzi mzuri wa vitabuni, lakini wengi wao hawakuwa wameugusa mguu wa mtoto ili wajue kama msuli umelegea au umekaza.

Magango yaliachwa. Kuanza mapema kuvitembeza viungo na kuizoeza misuli upya kukawa jambo la kawaida katika tiba ya viungo.

Bi. Kenny alifariki dunia mjini Toowoomba tarehe 30 Novemba 1952, akazikwa Nobby. Chanjo ya Jonas Salk ilitangazwa kuwa salama na yenye nguvu mwaka 1955.

Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilithibitishwa kuwa huru na virusi vya asili vya polio Agosti 2020, ingawa mwaka 2022 Malawi na Msumbiji ziligundua virusi hivyo vilivyoingia kutoka nje. Ulinzi katika zahanati zetu bado huanza kwa jicho la muuguzi: mtoto wa chini ya miaka 15 ambaye kiungo chake kimelegea ghafla huripotiwa mara moja, na sampuli mbili za choo huchukuliwa ndani ya siku 14, zikipishana kwa saa 24 au zaidi.