Kabaila Asiyeridhika na Nusu ya Haki

Si kila aliyelelewa katika neema hulisahau jasho la wanyonge. Henry Hunt alizaliwa mwaka 1773 huko Upavon, katika jimbo la Wiltshire, Uingereza, akarithi mashamba makubwa. Angeweza kula raha mustarehe hadi kaburini. Badala yake alijitosa katika siasa za makabwela.

Enzi hizo Bunge la Uingereza lilikuwa milki ya wachache. Old Sarum, kilima kikavu katika jimbo hilohilo la Wiltshire, kilipeleka wabunge wawili, ilhali Manchester, mji wa viwanda uliojaa wavujajasho, haukuwa na mbunge hata mmoja. Hunt alihutubia mikutano ya hadhara, kofia nyeupe kichwani, akidai kila mwanamume mzima apate kura, tena ya siri.

Tarehe 16 Agosti, 1819, watu wapatao 60,000 walikusanyika Manchester, katika uwanja wa St Peter's Field, kumsikiliza. Hawakuwa na silaha. Askari wapanda farasi wakawavamia kwa panga. Watu wasiopungua 15 wakafa na mamia wakajeruhiwa. Loo, dhuluma iliyoje! Aliyetiwa hatiani ni Hunt. Alifungwa miaka miwili na nusu katika gereza la Ilchester, na humohumo akafichua maovu ya mkuu wa gereza.

Mwaka 1830 wananchi wa Preston walimpeleka Bungeni. Hapo ukamjia mtihani mkubwa zaidi. Serikali ilileta mswada wa mageuzi ambao mijini ungempa kura mwanamume mwenye nyumba ya thamani ya pauni 10 kwa mwaka. Wapenda mageuzi wengi walishangilia, wakisema nusu shari kuliko shari kamili. Hunt aliulaumu waziwazi kwa kuwa uliwaacha nje wafanyakazi. Wenzake wakamwita msaliti. Mwaka 1832 aliwasilisha Bungeni ombi la mwanamke mmoja aliyetaka wanawake wasioolewa wenye mali wapige kura; akachekwa. Mwisho wa mwaka huo alipoteza kiti chake, na mwaka 1835 akafariki dunia.

Hunt alikuwa na ila zake. Alipenda mno kusifiwa. Lakini siku ya mtihani aliziacha sifa akashika haki. Wanaume wote wa Uingereza walipata kura mwaka 1918, na wanawake wakalingana nao mwaka 1928. Waliomcheka walikwisha sahaulika zamani.