Joseph Bramah: Fundi Aliyetumia Maji Kuinua Mizigo, Kisha Akanyima Kijana Wake Nyongeza

Ukimwona fundi wa gereji akipampu jeki kwa mkono mmoja na matatu inainuka, kuna msee wa Yorkshire, Uingereza, anafaa kupewa heshima zake. Anaitwa Joseph Bramah.

Alizaliwa 1748, mtoto wa mkulima. Akiwa bado kijana aliumia mguu, mambo ya shamba yakaisha, akaingia useremala. Baadaye akaenda London kuhasla. Alianza na kufunga vyoo, akaboresha mtambo wa kuflashi na kuchukua hataza 1778. 1784 akaja na kufuli ngumu balaa. Ilikuja kufunguliwa bila ufunguo 1851, yeye akiwa kaburini kitambo.

Lakini ngoma yenyewe ni ya 1795: mashine ya kubana kwa nguvu za maji. Mfaransa Blaise Pascal alikuwa ameshaeleza siri hiyo zaidi ya miaka 100 kabla, kwamba maji yaliyofungiwa yanasukuma kila upande kwa presha ileile. Sasa weka pistoni ndogo huku, na kule pistoni yenye eneo mara 100. Sukuma ndogo, kubwa inatoa nguvu mara 100. Ila hakuna cha bure: ndogo ikienda sentimita 100, kubwa inasonga moja tu. Ukigeuza, usukume ile kubwa kidogo, ndogo inaenda mbali. Mainjinia wa leo hutumia ujanja huo kukuza mwendo wa vifaa vinavyosonga kidogo kuliko unene wa unywele.

Noma ilikuwa kuvuja. Presha ikipanda, maji yanatoroka kando ya pistoni. Ukikaza sana, pistoni inakwama. Anayetajwa kuokoa jahazi ni Henry Maudslay, aliyeanza kazi kwa Bramah akiwa na miaka 18. Sili ya ngozi, umbo la kikombe: presha ikipanda inatanuka yenyewe na kuziba, ikishuka inalegea. Basi.

Huyo kijana alikuwa anasimamia karakana, ana familia, analipwa shilingi 30 kwa wiki. 1797 akaomba aongezewe doo. Bramah akakataa. Mazee, hapo alichoma. Maudslay akatoka, akafungua karakana yake na kuwa jina kubwa kwenye mashine.

Mwishoni mwa 1814 Bramah alikuwa msituni Hampshire akisimamia mashine yake ing'oe miti. Baridi ikampiga, ikageuka nimonia, akafa 9 Desemba akiwa na miaka 66.