Ludwig Krapf na Maneno ya Mambo Yasiyoonekana

Kila Jumapili twatamka maneno roho, malaika na mbingu, wala hatuulizi jinsi yalivyoingia katika vitabu vyetu. Mambo hayo hayaonekani kwa macho wala hayashikwi kwa mikono. Basi mgeni atayaelezaje kwa lugha aliyojifunza ukubwani? Kazi hiyo ndiyo iliyompata Johann Ludwig Krapf, na habari zake ni hizi.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen huko Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na miaka kama kumi na mmoja, jirani mmoja alimpiga vikali kwa kosa lisilo lake, akaugua miezi sita. Kitandani alisoma sana Biblia, na mambo ya milele yakamwingia moyoni. Baadaye akafundishwa katika seminari ya Misioni ya Basel, na mwaka wa 1837 akafika Habeshi, ametumwa na chama cha misioni cha Kiingereza. Lakini huko milango ilifungwa mbele yake.

Mwezi wa Januari 1844 alifika Unguja pamoja na mkewe Rosine, naye Sayyid Said akampa barua ya kumjulisha kwa maliwali wake. Mwezi wa Mei akakaa Mombasa, na mwezi wa Juni akaanza kufasiri kitabu cha Mwanzo. Hata mwezi wa Julai homa ikawashika wote wawili. Rosine akajifungua mtoto wa kike, akafa. Baada ya siku chache mtoto naye akafa. Wakazikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara. Krapf, angali mgonjwa, akairudia kalamu yake.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Kwa habari za mashua, mkate na nyumba, mtu huonyesha kwa kidole, akaambiwa jina. Lakini roho haionyeshwi kwa kidole. Basi aliwauliza wazee wa Rabai, alikohamia mwaka wa 1846 pamoja na mwenzake Rebmann. Wamijikenda, walioitwa siku zile Wanyika, walimtaja Mulungu; lakini neno hilo lilikuwa pia jina la mbingu zile zinazoonekana. Tena walimweleza habari za koma, yaani wafu, ambao mara wamo kaburini, mara wamo hewani, katika ngurumo na umeme, nao hupewa sadaka. Aliyemzika mke na mtoto hakuweza kuliona neno hilo kuwa jambo dogo. Alipaswa kusema habari za waliolala katika Bwana, asije akafahamika kwamba wamekuwa koma wa kuogopwa.

Kiswahili nacho kilikuwa na mitego yake. Pepo ni jina la wale wampandao mtu kichwani, na papo hapo peponi ni mahali pa raha. Tena neno lenyewe ni ndugu wa upepo. Roho ni neno lililotoka katika Kiarabu, nalo ni pumzi na uhai. Hata koo huitwa roho, kama tusemavyo kwamba fulani amekabwa roho. Malaika nalo ni la Kiarabu, na ndugu yake wa Kiebrania maana yake ni mjumbe. Maneno mengi ya namna hiyo yalikuwa yamekwisha kukaa vinywani mwa Waislamu wa pwani, na kadhi mmoja wa Mombasa alimsaidia Krapf katika kufasiri. Krapf aliyanena vikali mambo ya dini yao. Hata hivyo bila watu wale asingalipata maneno ya kuhubiria.

Wa kwanza kuamini kule Rabai alikuwa kiwete, jina lake Mringe, mtu maskini. Krapf alitembea pia mpaka Ukambani, na tarehe 3 Desemba 1849 akauona mlima Kenya. Mwaka wa 1853 akarudi Ulaya, afya yake imevunjika. Waliobatizwa walikuwa wachache mno. Huko aliendelea na kamusi yake ya Kiswahili. Tarehe 26 Novemba 1881 akafa kule Korntal. Alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi ikatoka London mwaka wa 1882, naye hakuiona.

Basi ninyi mfundishao, msidhani kwamba neno likikwisha kutamkwa limekwisha kufahamika. Mwanafunzi akisikia roho, huenda akafikiri koo. Akisikia mbingu, huenda akatazama mawingu. Mwulizeni kwanza amesikia nini, kama Krapf alivyowauliza wazee wa Rabai.