Frederick McKay: daktari aliyefuata alama za meno mpaka kwenye maji

Kandokando ya volkano ya Nyiragongo, kuna watoto wanaoota meno yenye alama za kahawia. Si uchafu, na si kukosa kusugua. Mtu aliyetumia miaka 30 kutafuta sababu ya alama za namna ile ni Frederick McKay, daktari wa meno wa Marekani.

Mwaka 1901, akiwa bado kijana, alifika Colorado Springs, mji wa milimani. Watoto wengi waliozaliwa pale walikuwa na meno ya kahawia. Wakaaji walisema ni juu ya nyama ya nguruwe, wengine maziwa mabaya. McKay alitafuta vitabuni, hakuona jibu.

Mwaka 1909 profesa Greene Vardiman Black alikuja kumsaidia. Wakaona mambo mawili: alama inaingia wakati jino linajengwa ndani ya ufizi, na meno yale hayaozi haraka. Black alikufa mwaka 1915. McKay akaendelea.

Mwaka 1923 aliitwa Oakley, jimbo la Idaho. Kule alama zilianza kisha mji kuvuta maji ya chemchemi ya vuguvugu. Maji yalipimwa, hakuna kitu kilichoonekana. Hata hivyo McKay aliwashauri waiache ile chemchemi. Wakaiacha, na miaka iliyofuata meno mapya ya watoto yakaota bila alama.

Jibu lilipatikana mwaka 1931. Mkemia H. V. Churchill alipima maji ya Bauxite, Arkansas, akakuta floridi nyingi. Maji ambayo McKay alituma kutoka miji mingine yalikuwa nayo vilevile.

Kisha daktari Trendley Dean akaonyesha kwamba shida ni kipimo: karibu miligramu 1 kwa lita inakinga meno bila kuyaharibu rangi. McKay alikufa mwaka 1959.

Leo kazi yake inasaidia hata wanaovaa vyuma vya kunyoosha meno. Chakula kinajificha kandokando ya chuma, asidi inakula jino, na chuma kikitolewa madoa meupe yanabaki. Njo maana kuna gundi za vyuma zinazotoa floridi kidogokidogo, siku kwa siku, pale pale jino linaposhambuliwa.

Floridi ni ileile. Kidogo, juu ya jino, inalinda. Nyingi, kwenye maji ya kunywa ya mtoto mdogo, inaacha alama ya maisha yote.